Karatasi nne zenye muhuri, na ipi kati yake ndo amri ya mahakama

Swali lenyewe ni hili, nimelifupisha kidogo: "Wakili habari za kazi. Kaka yangu kaletewa bahasha kutoka mahakama ya wilaya tarehe 3 mwezi huu. Ndani mna hati ya madai, mna hiyo wanaita chamba samansi ina hati ya kiapo nyuma yake, mna samansi, na karatasi moja imeandikwa AMRI. Aliyekuwa mshirika wake kwenye biashara ya mashine ya kukoboa anadai mashine ni yake. Aliyeleta bahasha kamwambia kesi imeshaisha, mahakama imeshasema atoe mashine. Zote zina muhuri. Kaka amekata tamaa anasema kahukumiwa bila kusikilizwa. Leo tarehe 12, tufanyeje?"

Dada yangu, nimezisoma picha zote ulizotuma, mara mbili. Kaka hajahukumiwa. Kesi ndo kwanza imefunguliwa na aliyeleta bahasha kasema kitu ambacho hakimo kwenye karatasi yoyote kati ya hizo. Ila kuna siku zinahesabika na mmeshatumia 9, kwa hiyo soma hadi mwisho hata kama ni refu.

Tuanze na huo muhuri maana ndo umemvunja nguvu kaka. Watu wengi wakiona muhuri wa mahakama wanadhani mahakama imekubali kilichoandikwa. Nilikuwa karani wa mahakama kabla sijawa wakili, mihuri nimegonga mimi mwenyewe kwa mkono wangu kwa miaka, na nakwambia muhuri wa mapokezi unasema jambo moja tu, karatasi hii imefika kwetu, ada imelipwa, tarehe fulani, shauri limepewa namba fulani. Basi. Mtu anaweza kuandika hati ya madai kwamba jua ni lake na akalipa ada na ikapokelewa. Siku hizi mashauri yanafunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki ila maana ya kupokelewa ni ile ile.

Kwa hiyo ukishika karatasi ya mahakama usianzie kwenye muhuri wala kwenye kichwa cha habari, nenda chini kabisa uangalie nani kasaini. Aliyesaini ndo anayeongea na wewe. Kama kasaini mdai au wakili wake basi hayo ni maneno ya mdai, yanasubiri kuthibitishwa. Kama kasaini hakimu au jaji au msajili, hapo ndo mahakama inaongea. Nenda kaangalie zile karatasi za kaka sasa hivi. Hati ya madai chini kasaini mdai na wakili wake. Chamba samansi, yaani maombi madogo yanayoletwa ndani ya kesi, juu ina lugha ya mahakama na tarehe ya kuitwa, lakini maombi yaliyoandikwa mle ni ya mdai. Kiapo kasaini mdai mbele ya kamishna wa viapo, yaani mtu mwenye mamlaka ya kisheria ya kuapisha watu. Samansi imesainiwa mahakamani, na ile ya AMRI kasaini hakimu. Yaani kwenye bahasha nzima nene vile mahakama imesema mambo mawili tu: njoo ujibu, na usiuze mashine kwa sasa.

Neno lenyewe "hati" nalo linatisha bure. Asili yake ni Kiarabu, ni mstari au mwandiko, kwa hiyo hati ni maandishi tu. Ndo maana tuna hati ya kusafiria, hati ya kiwanja, hati ya mashtaka, hati ya madai, hati ya kiapo, hati ya dharura, hati ya kukamata. Uzito hauko kwenye hati, uko kwenye neno linalofuata. Hati ya madai ni maandishi ya kudai. Hati ya kukamata ni maandishi ya hakimu kuagiza mtu akamatwe. Zote ni hati lakini moja inaomba na nyingine inaagiza, na mtu anayesoma kwa hofu anaziweka kapu moja.

Sasa samansi, ambayo kwa Kiswahili cha karatasini ni hati ya wito au wito wa kufika shaurini. Wapo wanaoamini ukipata samansi umeshitakiwa kwa kosa. Hapana, hata shahidi anapata samansi, hata mtu anayetakiwa kuleta nyaraka tu anapata. Ukitaka kujua kama ni jinai au madai soma majina pale juu. Ikiwa "Jamhuri dhidi ya fulani" hiyo ni jinai, na mtu ataitwa mshtakiwa. Ya kaka ni jina la yule mshirika dhidi ya jina la kaka, yeye anaitwa mdaiwa, kwa hiyo ni madai na hakuna anayemtafuta kumweka ndani kwa samansi hiyo. Kwenye chamba samansi wamebadilishwa majina, mdai kawa mleta maombi na kaka kawa mjibu maombi, ni watu wale wale. Na kama shauri lingekuwa rufaa wangekuwa mrufani na mjibu rufani. Usichanganyikiwe ukadhani kuna kesi tatu.

Kitu kingine kuhusu samansi, kukataa kuipokea hakusaidii. Nimeona watu wanajificha chumbani mpeleka samansi akibisha hodi, au wanakataa kusaini. Yule mpelekaji sheria inamruhusu kubandika nakala mlangoni kisha anarudi mahakamani anaapa kiapo kwamba nilimkuta akakataa, na mahakama inaweza kuhesabu umepata. Asipopatikana kabisa wito unaweza kutolewa hata gazetini. Alafu siku ya shauri haupo, shauri linasikilizwa upande mmoja, na ukija kushtuka kuna hukumu ambayo kuitengua ni kazi kubwa kuliko ambavyo ingekuwa kujibu tangu mwanzo. Kaka kafanya vizuri kupokea na kuandika tarehe.

Na hiyo tarehe ndo roho ya jambo lote. Kwa mahakama za wilaya na kuendelea kwetu Tanzania, mdaiwa akipokea samansi pamoja na hati ya madai anatakiwa kuwasilisha utetezi wa maandishi ndani ya siku 21 tangu alipopokea. Siku aliyopokea haihesabiwi. Kapokea tarehe 3, kwa hiyo ya kwanza ni tarehe 4 na ya 21 ni tarehe 24. Msisubiri tarehe 24 yenyewe tafadhali, mfumo ukigoma siku hiyo au ada ikichelewa kuonekana mmeumia. Siku zikipita kuna mlango mdogo wa kuomba nyongeza ila lazima uombe mapema na uwe na sababu ya maana, na "sikuelewa karatasi" siyo sababu inayopokelewa kirahisi. Mkiwa Mahakama ya Mwanzo utaratibu ungekuwa mwepesi zaidi na mengi yangesemwa kwa mdomo tu, lakini hapa hampo Mahakama ya Mwanzo.

Hati ya madai yenyewe mtaijibu aya kwa aya. Aya ya 4 anasema walinunua mashine kwa fedha zake peke yake, kama siyo kweli utetezi useme siyo kweli na useme ukweli ni upi, kaka alitoa kiasi gani, lini, kwa njia gani, na risiti ziambatanishwe. Kusema tu "madai yote yanakanushwa" ni kukanusha kwa juu juu, jambo ambalo hukulikanusha wazi mahakama inaweza kuchukua kwamba umelikubali. Nimeona kwenye picha aya ya 6 inasema kaka "alikiri kwa meseji". Hiyo meseji itafuteni kwenye simu leo, nzima nzima na zilizotangulia na zilizofuata, msifute kitu.

Haya tuje kwenye hati ya kiapo. Hii ni ushahidi ulioandikwa, mtu anaapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba anayoyasema ni ya kweli kwa ufahamu wake. Mle ndani panatakiwa kuwa na mambo ya ukweli tu, niliona, nililipa, nilimpa. Hapatakiwi hoja za kisheria, wala maoni, wala maombi. Mahakama za Afrika Mashariki zimekuwa zikirudia hilo tangu kesi ya Matovu ya Uganda ya mwaka 1966. Na chini kabisa lazima paonekane kiapo kimeapwa wapi na tarehe gani. Watu hawaangalii hapo, mimi naangalia hapo kwanza. Sasa kiapo hakijibiwi kwa barua wala kwa kwenda kulalamika kwa hakimu, kiapo kinajibiwa kwa kiapo, tunaita kiapo kinzani. Kaka naye aape upande wake. Hii msiichanganye na utetezi wa maandishi, ni karatasi mbili tofauti, utetezi unajibu hati ya madai, kiapo kinzani kinajibu ile chamba samansi, na ya pili ndo ya haraka zaidi kwa sababu maombi yale yamepangwa kusikilizwa tarehe 17. Leo 12. Mnaona nilichokuwa nasema kuhusu siku.

Sasa ile karatasi moja ya AMRI, ambayo ndo fupi kuliko zote na ndo nzito kuliko zote. Niinukuu kama ilivyo kwenye picha, nimeacha majina tu: "mjibu maombi anaamriwa kutouza, kutohamisha wala kutoweka rehani mashine husika hadi maombi haya yatakaposikilizwa pande zote tarehe 17". Soma taratibu. Kutouza, kutohamisha, kutoweka rehani. Hamna "kukabidhi". Hamna "kutoa". Hamna hata "kutotumia", kwa hiyo kwa maneno haya kaka anaendelea kukoboa kama kawaida, mashine ikiwa pale pale ilipo. Hiki ndo kinaitwa zuio, na hili ni zuio la muda mfupi sana lililotolewa baada ya kusikiliza upande mmoja kwa sababu mdai alileta hati ya dharura akisema mashine iko mbioni kuuzwa. Halisemi nani mwenye mashine. Linasema tu hali ibaki kama ilivyo tuwasikilize wote.

Ndiyo maana nawasihi watu wasome kitenzi. Amri yoyote ina kitenzi ndani yake na wewe unatakiwa kutii kitenzi hicho, siyo hadithi aliyokusimulia aliyeleta bahasha. Yule mdai akija na watu na gari tarehe 15 kubeba mashine akionyesha karatasi hii, kaka amwombe kwa utulivu amwonyeshe neno "kabidhi" liko mstari wa ngapi. Halipo. Hata yeye mdai hana ruhusa ya kuihamisha, maana wa kukabidhi mali kwa nguvu ya mahakama ni dalali wa mahakama, na dalali haji na zuio, anakuja na amri ya utekelezaji.

Upande wa pili wa hilo ni kwamba kaka naye aitii amri hiyo. Nakuomba umwambie hivi hivi, asiuze hata kifaa kimoja cha ile mashine, asiihamishie kwa shemeji, asisaini karatasi ya rehani. Hata kama anaona amri ni ya uonevu, amri ya mahakama inatiiwa kwanza alafu inapingwa mahakamani. Kuikiuka ni kudharau mahakama na hapo ndo mtu wa kesi ya madai anaweza kujikuta ndani kweli.

Tarehe 17 hakimu atakuwa anaamua kama zuio liendelee kwa muda mrefu zaidi. Hapa kuna vigezo vitatu ambavyo mahakama zetu zinavitumia tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969: je kuna jambo la kweli la kubishaniwa na mdai ana uwezekano wa kupata anachoomba, je asipopewa zuio ataumia kiasi ambacho hakitarekebishika hata kwa fedha, na je kati ya wawili nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likinyimwa. Vyote vitatu vinatakiwa. Kwa kaka mimi ningekazia cha pili, mashine ya kukoboa ina bei yake sokoni, ikiuzwa leo mdai akashinda kesho anaweza kufidiwa kwa fedha, sasa hasara isiyorekebishika iko wapi. Hata zuio likitolewa halina maisha ya milele, kisheria zuio la muda halizidi miezi 6 kwa mara moja, na hata likiongezwa jumla yake halitakiwi kuzidi mwaka 1.

Na uamuzi utakaotolewa juu ya hilo kwa Kiswahili cha mahakama unaitwa uamuzi mdogo. Hukumu ni ile ya mwisho, baada ya mashahidi wa pande zote, inayosema nani kashinda na kwa nini. Hukumu inaweza kuwa kurasa 20 lakini inayotekelezwa ni karatasi nyingine fupi inayotolewa kutokana nayo, wengi tunaiita dikrii na wengine wanaiita tuzo, ambayo inaandika tu nani alipe nini, kwa nani. Aliyeshinda akitaka haki yake anaomba kukaza hukumu, yaani itekelezwe, na hapo ndo dalali anaingia. Hilo neno tuzo angalieni, ukiwa kwenye kesi za kazi kule Tume ya Usuluhishi na Uamuzi tuzo ndo uamuzi wenyewe wa mwamuzi.

Kwa nini nasumbuka na tofauti ya hukumu na dikrii wakati hamjafika huko? Kwa sababu mtu anayetaka kukata rufaa ya shauri la madai lililoanzia mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu ana siku 90, na rufaa yake lazima iambatane na nakala ya dikrii. Zile siku anazosubiri kupewa nakala hazihesabiwi, mradi aliomba. Lakini shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo muda wa rufaa kwenda wilaya ni siku 30 tu na kule nakala ya hukumu siyo sharti la kukata rufaa, kwa hiyo kukaa nyumbani unasubiri nakala hakukusimamishii saa. Nilipokuwa karani alikuja mzee mmoja miezi minne baada ya hukumu ya Mahakama ya Mwanzo, kashika nakala yake kifuani kwenye mfuko wa nailoni, anasema sasa niko tayari kukata rufaa. Alikuwa anaisubiri ile karatasi muda wote, hakuna aliyemwambia haikuhitajika. Ilinibidi nimwelekeze aanze upya kwa kuomba kuongezewa muda, na mpaka leo nikikumbuka ule mfuko naumia.

Neno lingine ambalo mtalisikia na linawapoteza watu ni kesi "imetupwa". Mtaani kila kitu ni imetupwa. Mahakamani kuna mambo mawili tofauti. Kuna shauri linaloondolewa kwa sababu ya kasoro, mfano kiapo hakina tarehe au limefunguliwa mahakama isiyo na mamlaka, huyo mdai anaweza kurekebisha akarudi tena, muda ukiwa bado unaruhusu. Na kuna shauri linalotupiliwa mbali baada ya kusikilizwa kiini chake, hilo kulifungua tena upya haiwezekani, anayelalamika aende rufaa. Kwa hiyo wakili wenu akiweka pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kupinga shauri kabla halijasikilizwa, na mkashinda, msishangilie kabla hamjamuuliza, limeondolewa au limetupiliwa mbali?

Kuhusu lugha, uliuliza mwishoni kwa nini amri iko kwa Kiswahili na kiapo kiko kwa Kiingereza. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, Kiingereza kinaruhusiwa pale haki inapohitaji hivyo. Ila mazoea hayafi siku moja, mawakili wengi tulifundishwa kuandaa nyaraka kwa Kiingereza na bado zinakuja zimechanganyika. Kaka asisaini wala kuapa kitu asichokielewa. Akiapa kiapo kinzani kilichoandikwa Kiingereza kisomwe kwake kwanza kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, maana siku ya kuhojiwa ataulizwa yeye, wakili hataulizwa.

Basi kwa mpangilio wa siku zenu: kesho asubuhi tafuteni wakili, na kama fedha hakuna nendeni kwenye ofisi za msaada wa kisheria mapema maana nazo zina foleni. Mkamkabidhi bahasha nzima, msichambue kwamba hii ya muhimu hii siyo. Kiapo kinzani kiingie kabla ya tarehe 17. Tarehe 17 kaka awepo mwenyewe mahakamani hata kama wakili yupo. Utetezi wa maandishi uingie kabla ya tarehe 24, mimi ningelenga tarehe 20. Na nitumie picha ya nyuma ya ile samansi, pale mpelekaji alipoandika tarehe kwa kalamu, kwenye picha yako pamekatika na naona tarakimu moja tu. Nataka kuhakikisha kaandika 3 kweli, maana ile atakayoiapia yeye ndo mahakama itaanza nayo kuhesabu.